Mgahawa Uliojaa Kuliko Jiko Lake

"Ni mgahawa wa kawaida tu, kwani ulitarajia nini?" Karibu kila niliyemsimulia kuhusu mlo wetu wa jioni ile alinijibu hivyo, na kila nikiisikia kauli hiyo nashindwa kukubaliana nayo. Nilitarajia mengi. Nilitarajia kuku aliyeiva mpaka kwenye mfupa, chipsi zinazofika mezani zikiwa bado za moto, meza iliyofutwa, na mtu wa kuniambia ukweli kuhusu muda wa kusubiri. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai vitambaa vyeupe mezani wala mpishi mwenye medali ukutani.

Migahawa ya aina hii, ambako mtu huingia na nguo zake za kila siku na kuagiza bila kuulizia maana ya maneno yaliyo kwenye menyu, ndiyo inayobeba sherehe ndogo za watu wengi. Mshahara wa kwanza huliwa pale. Mtoto aliyefaulu mtihani hupelekwa pale. Mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali huulizwa anatamani nini, na jibu mara nyingi liko pale. Mwenye fedha nyingi akila vibaya amepoteza jioni moja. Familia iliyojipanga kwa wiki kadhaa ikila vibaya imepoteza kitu kikubwa zaidi, na kesho yake haina nafasi ya kujaribu kwingine. Ndiyo maana naona ni haki mgahawa wa kawaida upimwe kwa umakini uleule ambao wakosoaji huupeleka kwenye hoteli kubwa. Huu wa kwetu sitautaja jina. Nilichokiona pale nimekiona kwingine pia, na jina lingewafanya wasomaji waukwepe mgahawa mmoja na kuingia kwa jirani yake mwenye tatizo lilelile.

Tulikwenda kwa ajili ya mama. Alikuwa amestaafu wiki hiyo, na tulipomuuliza anataka kula wapi hakusita hata kidogo: alitaka pale ambapo vijana wa ofisini kwake walikuwa wakipasifia kila Jumatatu asubuhi. Dada yangu akaangalia kwenye simu, akakuta nyota nne na nusu, maoni yasiyohesabika, na picha za sahani zinazong'aa. Hatukuhitaji ushawishi zaidi. Tukaenda Jumamosi jioni: mama, dada, shemeji, watoto wao na mimi.

Foleni ilikuwa imetoka mpaka nje ya mlango, na nakiri iliniongezea hamu. Hakuna shahidi tunayemwamini haraka kama foleni. Tumelelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapa palikuwa na kitu kinachojiuza mbele ya macho yetu, watu wazima wamesimama na watoto wao, hakuna aliyewaita kwa kipaza sauti. Nani angekuwa na shaka?

Shaka ipo, na waliochunguza wameieleza vizuri. Mwaka 1991 mwanauchumi Gary Becker, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata, alichapisha makala fupi iliyoanzia kwenye migahawa miwili ya vyakula vya baharini mjini Palo Alto, California. Mmoja ulikuwa na foleni ndefu kila siku saa za kula. Wa pili, karibu mkabala nao, ulikuwa na chakula cha kulinganishwa, huduma ya kufanana, bei zilizozidi kidogo tu, na viti vitupu. Becker alijiuliza kwa nini ule wenye foleni haupandishi bei wakati watu wanaupigania. Jibu alilolitoa ni kwamba hamu ya mtu kula mahali fulani hupanda kadiri anavyoona wengine wanapahitaji. Ukipandisha bei na watu wakapungua, umeondoa pia kile kilichokuwa kikiwavuta waliobaki. Kwa maneno mengine, umati wenyewe ni sehemu ya kinachouzwa.

Mwanasaikolojia Stanley Milgram na wenzake walikuwa wameshaonyesha jambo la karibu na hilo kwenye barabara za New York, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1969. Waliwaweka watu kando ya barabara watazame juu kwenye dirisha la ghorofa ya sita. Alipotazama mtu mmoja, asilimia 4 ya wapita njia walisimama. Walipotazama watu 15, waliosimama walifika asilimia 40. Nikiwaza sasa, nusu ya wale tuliokuwa nao kwenye foleni yaelekea walikuja kwa sababu ya nusu nyingine.

Sisemi kwamba foleni ni uongo. Nasema inatueleza mambo mawili kwa wakati mmoja, na sisi husikia moja tu. Inatuambia kwamba watu wanapataka mahali hapa. Inatuambia pia kwamba jiko lililo ndani limezidiwa. Mgeni mwenye njaa husikia la kwanza na kupuuza la pili.

Kijana wa mlangoni alikuwa na daftari na tabasamu, na jibu lake kwa kila aliyeuliza lilikuwa moja: "Dakika kumi tu." Alimjibu hivyo aliyefika kabla yetu na aliyefika nyuma yetu. Dakika kumi zikapita, tukauliza, tukaambiwa dakika kumi. Mama, ambaye magoti yake hayapendi kusimama, alitafuta ukingo wa ukuta akaketi. David Maister aliandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya watu walio kwenye foleni, na nadhani kila mwenye mgahawa angepaswa kuyajua machache aliyoyasema: muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko muda wenye shughuli, kusubiri usikoelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kulikoelezwa, na kusubiri usikojua mwisho wake huchosha kuliko kunakojulikana kutaisha lini. Alitaja hata mbinu ya kuwapa wageni menyu wakiwa bado wanasubiri, ili waanze kuchagua na wajione kwamba huduma yao imeshaanza. Hakuna gharama yoyote ya maana katika hayo. Kama kijana yule angesema, "Mama, itachukua karibu saa nzima, ila pale kona kuna viti na nitawaita kwa simu," tungekaa kwa amani. Au tungeondoka na kurudi siku nyingine, na hapo nafikiri ndipo penye siri ya zile dakika kumi.

Tuliingia hatimaye. Ukumbi ulikuwa na muziki mkubwa kiasi cha kutufanya tuongee kwa kupaza sauti, na kwa kuwa kila meza ilifanya hivyo, kelele zilijizalisha zenyewe. Hilo halihusu masikio peke yake. Utafiti wa Andy Woods na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, uliwalisha watu huku wakisikilizishwa kelele kwenye vipokea sauti, na kelele zilipokuwa kubwa chumvi na utamu vilisikika kwa uchache zaidi mdomoni. Mpishi anayeonja sosi yake jikoni na mgeni anayeionja chini ya spika hawaonji kitu kimoja.

Menyu ilikuwa kitabu. Kuku wa kukaanga, kuku wa kuoka, samaki, baga, pizza, tambi, wali wa aina kadhaa, supu, saladi, keki, juisi za kila rangi. Watoto waliifurahia kwa sababu ya picha. Mimi iliniogopesha, kwa sababu niliona idadi ya meza, nikakadiria ukubwa wa jiko kutoka kwenye kile kidirisha cha kutolea sahani, na hesabu haikukubali. Tukaagiza kile ambacho kila mtu alikuwa amekisifia: kuku wa kukaanga na chipsi, saladi ya kugawana, na baga za watoto.

Hapa nataka kwenda polepole, kwa maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Chipsi nzuri si siri ya ukoo wa mtu. Ni suala la joto, maji na nafasi. Kiazi kimejaa maji. Kikitumbukizwa kwenye mafuta ya nyuzi 175 hadi 190 hivi za Selsiasi, maji ya karibu na ngozi yake hugeuka mvuke na kutoka kwa kasi. Zile povu unazoziona karaini ndizo hizo. Mvuke unapotoka kwa nguvu unayazuia mafuta yasiingie kwa wingi, na ngozi ya nje inakauka na kuwa ngumu. Ikishakauka ndipo rangi ya dhahabu inapokuja, kwa mmenyuko ambao mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912: sukari na viini vya protini vinakutana kwenye joto na kuzaa mamia ya harufu na ladha. Mmenyuko huo huenda kwa kasi joto linapofika nyuzi 140 na kuendelea. Penye maji ambayo bado hayajageuka mvuke joto halivuki nyuzi 100, kwa hiyo kitu kilicholowa hakipati rangi hiyo wala harufu yake mpaka kikauke kwanza.

Sasa mpe mpishi oda 30 kwa mkupuo na makarai mawili. Atafanya ambalo yeyote angelifanya: atajaza karai. Viazi vingi vya baridi, pengine vimetoka kwenye jokofu muda huohuo, hulishusha joto la mafuta ghafla. Mvuke unatoka kwa unyonge. Ngozi inachelewa kukauka, kiazi kinakaa karaini muda mrefu, na kinapotolewa, mvuke uliobaki ndani unapoa na kuyavuta mafuta yaliyoganda juu yake. Kisha, kwa kuwa sahani hazijakamilika, chipsi zinarundikwa kwenye beseni zikisubiri kuku. Zile za chini zinatoa mvuke, zile za juu zinaupokea, na zote zinalegea pamoja. Chipsi zilizofika mezani kwetu zilikuwa hivyo hasa: za rangi ya nyasi kavu, zimejikunja, zikiacha mafuta vidoleni na kwenye karatasi iliyotandikwa chini yake. Mtu aliyezikaanga anajua kukaanga, nina hakika hiyo, kwa sababu chache zilizokuwa juu kabisa, zilizoongezwa mwishoni ili sahani ijae, zilikuwa nzuri ajabu. Nilizila kwanza na zikanisikitisha zaidi kuliko zile mbaya. Zilinionyesha sifa zilikotoka.

Kuku alikuwa na hadithi inayofanana, ila nzito zaidi. Kwa nje alikuwa ameiva vizuri mno, kahawia ya kuvutia, viungo vimemshika. Mama alipolikata paja, maji ya waridi yakamwagika kwenye sahani. Akaweka kisu chini bila kusema neno, jinsi anavyofanya mtu asiyetaka kuwaharibia watoto wake jioni waliyomwandalia.

Nafahamu kwamba wekundu kandokando ya mfupa peke yake hauthibitishi kwamba kuku ni mbichi; kuku wachanga huwa nao hata wakiwa wameiva. Lakini maji yanayotoka kwenye nyama ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula zilizoanza kusambazwa mwaka 2001, linasema nyama ya ndege ipikwe mpaka maji yake yawe meupe na wala si ya waridi, na ndani ifike angalau nyuzi 70. Linasema pia chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kuliwa kihifadhiwe juu ya nyuzi 60. Kanuni hizo hazikuandikwa kwa ajili ya migahawa ya matajiri. Ziliandikwa kwa ajili ya yeyote anayepika, kuanzia jikoni kwa mtu. Na sababu ya kuku wa mama ni ileile ya chipsi. Vipande vinene vikijazwa kwenye mafuta moto sana ili vipate rangi upesi, nje inamaliza safari yake kabla ndani haijafika nusu. Rangi nzuri inamdanganya mpishi mwenye haraka kama inavyomdanganya mlaji.

Nilimwita mhudumu. Alikuwa binti mdogo, na nilikuwa nimemtazama kwa muda akihudumia upande mzima wa ukumbi peke yake, oda nyingine ameziandika kwenye kiganja kwa kalamu. Alipoona sahani uso ulimwanguka. "Samahani sana mama, nabadilisha sasa hivi," akasema, akaichukua kwa mikono miwili. Mama akamwambia, "Usikimbie mwanangu, hatuna haraka." Hapo watoto walikuwa wameshamaliza baga zao, kwa sababu zilifika mapema mno kuliko chakula chetu, na walikuwa wameanza kusinzia. Paja jipya lilikuja sisi tumemaliza. Lilikuwa limeiva. Mama alilila peke yake huku sote tukimtazama, na nadhani hilo la kula peke yake kwenye sherehe yake ndilo nililoshindwa kulisamehe jioni ile.

Kula pamoja kwa wakati mmoja ni kazi ya jikoni, na ni kazi ya zamani. Mpishi Mfaransa Auguste Escoffier, aliyeongoza jiko la hoteli ya Savoy mjini London kuanzia mwaka 1890, anakumbukwa kwa mengi, lakini kubwa kwangu ni jinsi alivyoligawa jiko: huyu sosi, huyu nyama za kuchoma, huyu samaki, huyu vitamu, na mmoja wa kupokea oda na kuzitangaza ili kila upande ujue lini uanze. Kusudi la mpango ule lilikuwa sahani za meza moja zikutane mlangoni zikiwa za moto. Jiko dogo la mgahawa wa kawaida halihitaji majina ya Kifaransa wala watu 20. Linahitaji mtu mmoja asiyeshika karai, asimame kwenye kile kidirisha, aangalie karatasi, aseme: baga za meza ile zisubiri, kuku wao bado. Pale hapakuwa na mtu huyo. Kila sahani ilitoka ilipokuwa tayari, na wahudumu wakazikimbiza ukumbini wakikisia.

Niseme pia yaliyokuwa mazuri, maana yalikuwepo. Saladi ilikuwa mbichi kweli, imekatwa muda huohuo. Sosi ya kuku, ile yenye pilipili na limau, ni moja ya sosi bora nilizowahi kula popote. Ilikuwa na ukali unaochelewa, na uchachu uliokuja nyuma yake ukausafisha mdomo. Viungo vya kuku vilikuwa vimeingia mpaka ndani, dalili kwamba alilowekwa usiku kucha na mtu anayejali. Yote yaliyokuwa mazuri mezani kwetu yalikuwa yale yaliyotayarishwa kabla ya wageni kufika. Yote yaliyoharibika yaliharibika baada ya mlango kufunguliwa.

Wakati wa bili niliomba kumwona meneja. Sikwenda kugombana. Nilimwambia kuhusu paja, kwa utulivu, nikamwambia na kuhusu zile chipsi chache za juu. Aliondoa kuku kwenye bili bila kuombwa, akamwomba mama radhi ana kwa ana, kisha akabaki amesimama kama mtu mwenye la kusema. Akanieleza kwamba walipofungua walikuwa na meza za ndani tu. Watu walipoanza kujaa wakaongeza meza barazani, kisha uani, kisha wakaanza kupokea oda za kupelekwa majumbani. Menyu ikaongezwa kwa sababu wageni wapya walikuwa wakiulizia pizza na tambi. Nikamuuliza kuhusu jiko. Jiko, akasema, ni lilelile.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko chakula chenyewe. Meza ni rahisi kuongeza: unanunua viti, unatandika. Kila meza mpya inaonekana siku hiyohiyo kwenye mauzo. Karai jipya linadai nafasi, umeme au gesi ya kutosha, bomba la kutolea moshi, na mtu wa kulisimamia, na faida yake haionekani kwenye daftari isipokuwa kama malalamiko ambayo hayakutokea. Mwenye biashara anayetazama hesabu za mwezi ataongeza meza kila mara. Simlaumu kwa kutaka kukua. Namlaumu kwa kuwauzia watu viti ambavyo jiko lake haliwezi kuvilisha.

Na nyota zinamsukuma kwenda huko. Mwanauchumi Michael Luca, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti wake wa mwaka 2011 kuhusu migahawa ya Seattle kwenye Yelp, tovuti ambako wateja huipa migahawa nyota, aliona kwamba ongezeko la nyota moja lilileta ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9, na kwamba athari hiyo ilikuwa kwa migahawa inayojitegemea, wala haikuonekana kwa ile yenye matawi mengi ambayo watu wameshaizoea. Mwaka uliofuata Michael Anderson na Jeremy Magruder walichunguza migahawa ya San Francisco wakitumia jambo dogo: wakati huo Yelp ilikuwa ikikadiria wastani hadi nusu nyota iliyo karibu, hivyo migahawa miwili inayolingana kwa ubora, mmoja ukiwa umepita mpaka wa kukadiria kwa uchache sana, ilionekana kwa wasomaji imetofautiana kwa nusu nyota nzima. Nusu nyota hiyo iliongeza kwa pointi 19 za asilimia uwezekano wa meza kuisha saa za jioni. Hebu fikiria maana yake jikoni. Ustadi wa mpishi haujabadilika, makarai hayajabadilika, lakini ukumbi umejaa kwa sababu ya namba iliyosogezwa na kukadiria. Sifa imeleta watu wengi kuliko wale waliokuwepo siku sifa hiyo ilipopatikana.

Tena kuna wale ambao hawakupika chakula chochote na bado wana sifa. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alikiorodhesha kibanda cha uani kwake, London, kwenye TripAdvisor, tovuti nyingine ya maoni ya wateja, kama mgahawa, akapiga picha za sahani za kughushi, akawaomba marafiki waandike maoni. Ndani ya miezi michache kilifika nafasi ya kwanza kati ya migahawa ya jiji zima, na watu walikuwa wakipiga simu kuomba meza. Hakikuwa kimepika kitu. Simfananishi meneja wetu na hayo. Yeye anapika, na nyota zake nyingi naamini ni za haki, za watu waliokula pale siku ambazo karai lilikuwa na nafasi. Ila nyota haziandiki saa wala siku. Aliyekula Jumanne mchana na aliyekula Jumamosi usiku wanaingia kwenye wastani mmoja, ilhali wamekula kwenye migahawa miwili.

Kwa hiyo maoni yangu niliyaandika tofauti na nilivyozoea. Niliweka siku na saa. Nilitaja kusubiri kulikuwa kwa muda gani na tuliambiwa nini. Nilieleza kuhusu paja la mama na jinsi lilivyobadilishwa, kwamba binti aliyetuhudumia alikuwa muungwana na mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko mtu mmoja, kwamba meneja aliomba radhi kama mtu mzima. Niliisifu sosi. Nilitoa nyota tatu. Dada yangu aliona nimekuwa mkali, shemeji akaona nimekuwa mpole. Ninachokitaka ni kwamba atakayesoma ajue aende lini na aagize nini, na meneja akisoma aone wapi pa kuanzia.

Pa kuanzia pako pengi. Kuna mfano wa ndugu wawili wa California, Richard na Maurice McDonald, ambao mwaka 1948 waliufunga kwa muda mgahawa wao uliokuwa ukiingiza fedha vizuri, wakalipanga jiko upya, na walipofungua tena menyu ilikuwa imepunguzwa hadi vitu tisa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu yaliyofuata kutokana na jina lile, nami ninayo. Lakini uamuzi wa siku ile ulikuwa wa watu waliotazama jiko kwanza. Mgahawa wetu ungeweza kuondoa pizza na tambi ambazo sikuona meza hata moja ikizila kwa furaha. Ungeweza kusitisha oda za majumbani kwa zile saa mbili tatu za Jumamosi. Ungeweza kumweka mtu kwenye kidirisha, na kununua kipimajoto cha nyama ambacho hakizidi ukubwa wa kalamu. Na yule kijana wa mlangoni angeweza kuruhusiwa kusema ukweli, hata kama nusu ya foleni ingeondoka, kwa sababu nusu itakayobaki ingekula vizuri.

Meneja alinijibu chini ya maoni yangu siku chache baadaye. Hakunakili yale maneno ya shukrani wanayobandika wote. Aliandika kwamba meza za uani wataziondoa jioni za wikendi mpaka wapate karai jingine, na akamtaja mama kwa heshima, akimtakia pumziko jema la kustaafu. Sijui kama wameziondoa kweli, sijapita tena njia ile. Mama anataka turudi, siku ya katikati ya wiki, mchana, tuagize kuku na ile sosi tu. Nimekubali. Jumamosi jioni sirudi mpaka nisikie karai hilo limefika.